Chujio la Kwaluguru

Chanika, Handeni,
Jumamosi, baada ya Alasiri.

Mdogo wangu Twaha,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tunduma, wewe na wifi yangu Ikram na huyo malaika wenu mdogo, na kwamba baridi ya huko haijawatesa sana. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mama miguu inamsumbua, lakini bado anakwenda shambani kule Misima, na ukimkataza anakuuliza kama wewe ndiye utakayempalilia. Mvua zimechelewa, mahindi ya watu yamedumaa. Mimi rovu langu limekwisha, shingo imerudi kuwa shingo, hata Nazneen wa duka la vitambaa ameniambia kwamba sasa nikivaa mkufu utaonekana.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Simu yangu wameichukua wachunguzi, na hata ningekuwa nayo, haya si ya kusema kwenye simu. Soma ukiwa peke yako, tena umekaa. Na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka darasani, maana nakujua.

Unakikumbuka kibao cha pale langoni kituoni, chenye bendera mbili na mikono iliyoshikana. Sisi watu wa Kwaluguru hatukuhangaika na majina ya mataifa hayo mawili, tuliwaita Wenye Mashine na Wenye Jengo, kwa kuwa hawa walileta mitambo na wale wakajenga. Marafiki wa miaka mingi hao, walipigana vita pamoja, adui wao mmoja, na wote wawili wana yale mabomu ya nyuklia ya kufuta mji mzima kwa pigo moja. Waliapiana kwamba hakuna atakayelipua bomu la majaribio tena, na kwamba kila mmoja atamruhusu mwenzake aje kuyahesabu aliyonayo. Wakaweka na vituo vya kunusa hewa, kwa sababu bomu likilipuliwa hata mwisho wa bahari, vumbi lake husafiri na upepo. Wewe ulikuwa dereva tu, chumba cha chujio hukuruhusiwa kuingia, kwa hiyo ngoja nikueleze. Feni kubwa inavuta hewa kutwa kucha, hewa inapita kwenye kitambaa cheupe, na kila siku saa tatu asubuhi mtu anakitoa kitambaa cha jana, anaweka kipya, kile cha jana anakitia kwenye mashine ya kuhesabu mionzi. Majibu hayapiti mkononi mwa mtu. Yanaruka yenyewe kwa setilaiti mpaka kwa wakubwa wote wawili kwa wakati mmoja. Kubadili kile kitambaa ndiyo ilikuwa kazi ya ndugu yetu Tatu.

Jinsi Tatu alivyokufa unajua, lakini nitaandika, maana bila hilo barua hii haina maana. Nilikwenda kituoni siku ile kumpelekea chakula, mimba yake ikiwa ya miezi saba. Nikamkuta amekaa sakafuni pale barazani, kanga imelowa damu. Nikakimbilia kwa mkuu wa kituo, Injinia Ernesti, nikamwomba gari la kituo. Akasimama mlangoni na simu sikioni, hata hakuitoa, akaniambia gari halitoki, tutafute pikipiki. Nikampigia magoti, Twaha. Mimi, binti wa Misima, nikampigia magoti Mshambaa wa Bumbuli mbele ya walinzi. Akarudia kwamba gari halitoki, akabonyeza simu upya. Nikaenda nikapiga banda la gari kwa ngumi, limefungwa kufuli. Tukampakia Tatu kwenye bodaboda ya Mdoe, mimi nyuma nimemkumbatia, kwa barabara ile ya makorongo. Hatukufika. Nilijua amekufa kabla Mdoe hajajua, nikamwacha aendeshe.

Wewe ulituambia siku ile ulikuwa mapumzikoni, umekwenda Korogwe kwa mambo ya posa yako. Ukafika jioni unalia, tukakuonea huruma.

Halafu msiba. Unajua desturi yetu sisi Wazigua na Washambaa. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba tangu hapo watapigana kwa mdomo tu, ndiyo utani tulionao. Mtani akija kwenye msiba wetu hutukana marehemu, hudai sufuria ya wali, hulala kwenye kaburi akisema hazikwi mtu mpaka alipwe. Watu wenye machozi hucheka. Siku ile watani walikuja wengi, wakatania vizuri, lakini Injinia Ernesti alikaa pembeni hakusema neno. Alitoa ubani wake, akainamisha kichwa, akaondoka. Watu wote waliliona. Mtani asiyetania msibani ana neno rohoni, ndivyo walivyosema wazee, nami nikasema basi, ushahidi ninao. Siku ya arobaini wewe mwenyewe ulinivuta nyuma ya jiko ukaniambia damu ya Tatu iko mikononi mwa mgosi yule Ernesti, na kwamba huwezi tena kuendesha gari la muuaji. Mwezi uliofuata ukaenda Tunduma. Maneno yako yalibaki na mimi. Nilikula yamini nayo.

Baadaye Injinia akatuma watu kuniuliza kama nitaichukua kazi ya marehemu mdogo wangu. Mama alisema ni hisani. Mimi nilikubali kwa sababu nyingine. Nilitaka niwe karibu naye, nimwone anavyokula, anavyocheka, nijue ni wapi nikimgusa ataumia. Mwaka mzima nilibadili kitambaa saa tatu kamili, nikamwitikia ndiyo bosi, huku donge limenikaa kooni kuliko hata rovu.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi wa saba. Mashine ilisoma iodini. Ni ndugu yake ile ya kwenye chumvi, ila hii ina mionzi, na ni moja ya vitu vinavyotoka bomu la nyuklia likilipuka. Siku tatu mfululizo, kitambaa baada ya kitambaa. Na hao wakubwa walikuwa tayari hawaelewani. Redioni tulikuwa tukisikia kila siku: Wenye Mashine wanalalamika kwamba Wenye Jengo wanajificha nyuma yao bila kuchangia ulinzi, Wenye Jengo wanajibu kwamba wenzao wameongeza mabomu bila kuwaambia. Mkataba wao ulikuwa ufanywe upya mwezi wa tisa. Iodini ya Kwaluguru ilipofika kwenye meza zao, Wenye Mashine walisema upepo wa siku zile ulitoka baharini, na huko baharini ni nani mwenye visiwa kama si Wenye Jengo? Kwamba wamelipua bomu kwa siri. Wenye Jengo wakasema ni uzushi, mashine ni za nani? Kwamba zimefundishwa kusema uongo.

Wakaleta wataalamu, mmoja kwa kila upande. Unawakumbuka, yule mama mwenye nywele fupi na yule mzee mrefu, walivyokuwa wakija kila mwaka na kula pamoja hotelini kwa Jaya, wanachekeana na kugawana chapati. Safari hii Jaya alinisimulia kwamba walikaa meza mbili, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Kituoni walikikata kitambaa kwa mkasi katikati, kila mmoja akafunga nusu yake kwa lakiri ya kwao, kama watalaka wanaogawana kitanda. Wakapimana wao kwa wao, mabegi yao, viatu vyao, hata kofia. Mimi, mwanamke wa Kizigua niliyesimama pale na ndoo na dekio, hakuna aliyenipima. Yule mama alisema wazi kwamba iodini peke yake si ushahidi wa bomu, kwamba bomu lingeacha na vitu vingine, watu watulie watafute. Wiki ile ile nchi yake ilimwita nyumbani. Kumbe hakuna aliyekuwa anatafuta ukweli, Twaha, kila mtu alikuwa anatafuta sababu.

Mwezi wa tisa ukapita bila sahihi. Mabalozi wakarudishwa makwao, wahesabuji wa mabomu wakafukuzwa huku na huku, na sasa tunasikia kila upande unachimbua ya zamani na kuunda mapya. Wazee wanasema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Safari hii nyasi ndizo zilizowachokoza tembo. Sijigambi. Kuni walikuwa wamezipanga wenyewe na mafuta ya taa wamemwaga, aliyeleta kiberiti hana sifa kubwa.

Lakini mimi hayo ya wakubwa sikuwa nayo. Nilikuwa namtazama Injinia. Wenye Mashine walisema mkuu wa kituo amehongwa ili avuruge vitambaa, Wenye Jengo nao wakasema hivyo hivyo, ila aliyehonga ni yule mwingine. Wakakubaliana kwa hilo moja tu, kwamba mwenye kosa ni Ernesti. Akasimamishwa kazi. Wakachukua pasipoti yake, kompyuta yake, wakamwambia asitoke Korogwe. Gazeti likatoa picha yake, likamwita msaliti wa dunia. Mkewe akarudi kwao Bumbuli na watoto kwa aibu. Jumatatu hii kamati kutoka Dar es Salaam inakaa pale Korogwe, na kila mtu anasema baada ya hapo ni mahakamani, na baada ya mahakama ni miaka mingi jela. Alikiona cha mtema kuni. Nami niliyasikia hayo moja baada ya jingine, na kila moja lilinisuuza roho. Nilikula nikashiba. Nililala usingizi wa mtoto, mara ya kwanza tangu tumzike Tatu.

Nilifanya mimi, Twaha.

Rovu langu halikukatwa kwa kisu kama nilivyowaambia. Kule Dar es Salaam walinipa kidonge cha iodini yenye mionzi, ndicho kilicholiyeyusha. Daktari alinikalisha akanionya kwamba kwa siku kadhaa jasho langu, mate yangu, mkojo wangu, vyote vina mionzi. Nisipakate mtoto, nisikae karibu na mjamzito, kikombe changu kiwe changu. Akanipa cheti, akasema kama nafanya kazi penye vipimo vya mionzi nikionyeshe. Aliendelea kusema, lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kusikia. Kituoni kuna sheria: aliyetibiwa kwa dawa ya namna hiyo aandike kwenye daftari la afya, na asikanyage chumba cha chujio kwa miezi miwili. Niliijua sheria hiyo kwa kichwa. Nikarudi Handeni, nikaandika kwenye daftari kwamba nilikwenda kumwuguza shangazi, na siku ya tano baada ya kukimeza kile kidonge nikaingia chumbani saa tatu kamili, nikavua glavu, nikalamba vidole, nikavipitisha ukingoni mwa kitambaa. Kidogo tu, kama unavyoonja chumvi. Kesho yake tena. Keshokutwa tena.

Nilidhani watasema Injinia ni mchafu, hawezi kazi, afukuzwe. Hicho tu ndicho nilichokitaka. Lilipogeuka kuwa jambo la mabomu niliogopa usiku mmoja, kisha nikajiambia kama Mungu ameniongezea, mimi ni nani nimrudishie?

Sasa basi. Kisasi asichokijua aliyefanyiwa hakikati kiu. Ilinikera kwamba Ernesti anaumia bila kujua anaumia kwa ajili ya nani. Jumatano nikapanda basi la Korogwe, nikaenda mpaka kwake Manundu. Nilivaa ile kanga ya Tatu. Nilimkuta peke yake, ndevu zimemjaa, anamenya mihogo. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanipa kiti. Nikamwambia yote, mwanzo mpaka mwisho, nikamtajia kidonge, vidole, siku tatu. Nikamwambia cheti ninacho, kingeweza kumwokoa Jumatatu, na nitakichoma mbele ya macho yake. Nilikuwa na kiberiti mkobani, Wallahi sikutanii. Nikamwambia hii ndiyo bei ya gari ulilomnyima mdogo wangu.

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Aliweka kisu na muhogo chini, kisha akaniuliza kama kweli wewe, Twaha, hujawahi kuniambia. Nikamwuliza kuniambia nini. Akaingia ndani akatoka na daftari la gari, lile jeusi, alilolichukua kituoni siku aliposimamishwa.

Unajua nilichokiona, mdogo wangu. Tarehe aliyokufa Tatu. Ufunguo umetoka saa mbili na nusu asubuhi, sababu kununua dizeli mjini, dereva Twaha, na sahihi yako. Umerudi saa kumi na moja jioni. Akanieleza kwamba ulimwomba gari kwa muda wa saa moja tu, naye akakupa nje ya utaratibu kwa kuwa siku hiyo si ya zamu yako, ukapakia machungwa ya watu ukayapeleka Korogwe kwa malipo, ili uimalizie mahari ya Ikram. Na simu ukaizima ili asikusumbue. Ile simu niliyomwona nayo sikioni, alikuwa anakupigia wewe. Alikupigia mara kumi na moja. Banda lilikuwa na kufuli kwa sababu ndani hamkuwa na kitu.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia pale pale. Hakujisafisha. Alisema kwanza aliogopa kibarua chake, kwa maana ufunguo aliutoa yeye. Halafu uliporudi ukamlilia, ukamshika miguu, ukamwambia mama akijua atakufa, naye akakuapia kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwake. Msibani alishindwa kutania. Alisema angefunguaje mdomo amtukane marehemu kwa utani, huku aliyeondoka na gari yuko ndani ya kaburi anampokea maiti?

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekisema kisemo hicho maisha yangu yote, sikujua kinanihusu.

Na wewe, Twaha! Kujificha ningekuelewa, mtu huogopa. Lakini ulinivuta nyuma ya jiko ukaniwekea jina la mtu mwingine mdomoni. Uliniona nina panga mkononi ukanielekeza shingo. Mwanao umempa jina la Tatu, sisi huku tukalia kwa furaha tukasema Twaha ana mapenzi. Umemlisha mama jina hilo kila Ijumaa kwenye simu. Ernesti amepoteza mke, watoto na jina, mimi nimejipaka uovu wa wakubwa wenye mabomu, na wewe uko Tunduma unabadilisha matairi na kupiga soga.

Sikuandikii ili nikusamehe. Sina hata tone. Hasira niliyokuwa nayo kwa Ernesti haikupungua hata chembe nilipotoka pale Manundu, ilishuka kwake ikapanda basi pamoja na mimi, na sasa yote ni yako.

Nitafanya hivi. Jumatatu nitakwenda Korogwe na cheti, niseme mbele ya kamati kile nilichofanya. Najua kitakachonipata. Wakubwa wakitaka kupatana watapatana, wasipotaka watatafuta iodini nyingine, hilo si langu. Ernesti ataachiwa. Daftari la gari alinipa, hakulitaka tena, nimelifunga kwenye mfuko na kumwekea Nazneen dukani. Ijumaa ijayo ni khitma ya Tatu ya mwaka wa pili, pale Misima, watani wote wamealikwa. Nimekuwekea nauli ya basi kwa Nazneen, kaka yake Shahid atakutumia, usiniambie huna. Utakuja, utakaa mbele ya mama, utasema kwa mdomo wako. Usipoonekana mpaka kisomo kianze, Nazneen atampa daftari mtani mkubwa wa Kishambaa, alisome mbele ya watu wote, maana mtani hana wa kumnyamazisha. Mimi huenda nitakuwa rumande siku hiyo. Haitabadilisha kitu.

Msalimie Ikram, yeye hana kosa. Majirani wa Chanika wote wanakusalimu, na Mdoe wa bodaboda, ambaye bado hapakii mjamzito.

Mama anakusalimu sana kuliko wote. Kila akimaliza kuswali anakutaja wewe kwanza kabla yetu sisi tulio karibu naye, anasema Mungu akulipe kheri, kwa kuwa siku ile ni wewe uliyeingia kaburini ukampokea Tatu kwa mikono yako. Nimemwacha aombe mpaka Ijumaa.

Wako dada,
Mwantumu